Sauti Niliyomwibia Bibi wa Uji

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kusema maneno ya watu wengine. Nilikuwa natafsiri filamu katika kibanda umiza kimoja, yaani banda la kuonyeshea video, kwenye machimbo madogo ya dhahabu, magharibi ya mji wa Geita. Kibanda kilikuwa cha mabati, kimezibwa matundu kwa turubai nyeusi, na ndani kulikuwa na mabenchi, televisheni kubwa na spika mbili. Mimi nilikaa pembeni na maiki. Filamu ikianza napunguza sauti yake, kisha nasema kila kitu mwenyewe: nakuwa mume, nakuwa mke, nakuwa polisi, nakuwa mtoto anayelia. Wachimbaji waliokuwa zamu ya usiku waliamka mchana, wakala, wakaja kukaa kwangu mpaka jua lipoe.

Kiingereza nilikipata seminari ndogo, nilikosoma miaka mitatu kabla ya kuona kwamba upadre si wangu. Baba yangu alikuwa katekista katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Ushirombo, na nyumbani tulisali rozari kila jioni kabla ya chakula. Kwa hiyo nilipoanza kutafsiri filamu za kutisha, zile za mapepo na nyumba zenye sauti, nilikuwa na kitu ambacho watafsiri wengine hawakuwa nacho. Padri akitokea kwenye skrini na msalaba wake na maji ya baraka, nilijua anasema nini na kwa nini. Nilimsemea polepole, kwa sauti nzito, kama nilivyowasikia mapadre wenyewe. Siku moja nilimwona mchimbaji akivua kofia.

Mke wangu hakuipenda kazi hiyo. Yeye ni mwanakwaya, na kwao waliamini kwamba pepo huingilia machoni. Hakunigombeza. Alichofanya ni kunisubiri mlangoni kila siku ya filamu ya kutisha na kuninyunyizia maji ya baraka kabla sijavua viatu. Nilimweleza kwamba damu ile ni rangi tu na mapepo ni watu waliopakwa unga. Alijibu kwamba hakujali wao wamepakwa nini, alitaka kujua mimi narudi nimepakwa nini.

Suala hilo lilifika mpaka kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo. Je, Mkristo anaruhusiwa kutazama mambo ya shetani? Tulilijadili Jumamosi mbili. Wapo waliosema ni kujitia majaribuni kwa makusudi. Wapo waliosema hata katika Maandiko mapepo yamo, na hakuna anayefumba macho yanaposomwa. Nilipopewa nafasi nilisema kwamba filamu hizi zinamkumbusha mtu kuwa uovu upo na kwamba unashindika. Nilisema vizuri, na wengi walikubaliana nami. Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu. Hakuna aliyeniuliza mimi mwenyewe huwa nasema nini nikishika maiki.

Maana nilikuwa nimeanza kuongeza. Mwanzoni ilikuwa neno moja moja, la kuchekesha. Baadaye niligundua kwamba naweza kuwashika watu mia kwa pumzi yangu. Nikishusha sauti, wanainama mbele. Nikinyamaza sekunde mbili zaidi ya inavyotakiwa, mtu mzima anamshika mwenzake mkono. Nikisema kwamba kisima cha kwenye filamu kinafanana na kile cha nyuma ya karasha letu, ile mashine ya kusagia mawe, hakuna atakayekwenda kuchota maji pale peke yake wiki nzima. Nilifurahia sana jambo hilo, na nilijiambia ni ufundi.

Karibu na kibanda palikuwa na bibi mmoja aliyeuza uji na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa mjane, Msukuma wa upande wa Kishapu, na alipikia chini ya bati lisilo na pa kutolea moshi, kwa kuni mbichi au chochote kilichopatikana. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Kila mteja alimkaribisha kwa maneno yaleyale: "Kalibu mwanangu, kunywa upate nguvu." Nami nilikunywa uji kwake karibu kila asubuhi, na mara nyingi aliniongezea nusu kikombe bila kusema kitu.

Sasa, ikaja filamu moja. Familia inahamia kwenye nyumba ya zamani. Nje ya uzio anasimama bibi kizee, jirani yao, akiitazama nyumba bila kuondoka. Mtoto wao anaanza kuugua. Mara ya kwanza bibi yule alipotokea uzioni, mimi, bila hata kufikiri, nilimsemea kwa sauti ya bibi wa uji, na lafudhi yake yote: "Kalibu mwanangu, kunywa upate nguvu."

Kibanda kizima kilicheka. Alipotokea mara ya pili nikasema hivyohivyo, taratibu zaidi, na safari hii hawakucheka. Waliogopa. Nilisikia benchi zikilia kwa jinsi walivyokuwa wakisogeleana.

Kwenye filamu yenyewe yule bibi hakusema neno lolote la namna hiyo. Alikuwa ameuliza kama mtoto amelala vizuri. Aliwahi kufiwa na mtoto wake katika nyumba ile, na alichokuwa akitafuta ni namna ya kuwaonya. Uovu ulikuwa ndani, ukizungumza na baba wa familia kwa upole na kumwahidi mambo mazuri. Mwishoni yule bibi anaingia kumwokoa mtoto na anafia humo. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumfanya mchawi, na picha haikunipinga. Alipokimbia na mtoto mikononi, nikasema amekuja kumchukua. Alipoanguka, nikasema Mungu amempiga. Watu walipiga makofi. Mwenye kibanda akataka tuirudie, nasi tukairudia kila Alhamisi kwa zaidi ya mwezi.

Mimi ni mtu wa huku. Nimekulia huku. Najua kwamba katika vijiji vyetu bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu waliyoyapata jikoni. Siwezi kusema kwamba sikujua.

Halafu duara moja kubwa, shimo la dhahabu lililokuwa limelisha watu wengi, likakata. Shimo lilikuwa refu, kazi ilikuwa nzuri, na ghafla mwamba wenye dhahabu ukapotea. Jambo hilo hutokea machimboni kila mara, lakini safari hii watu walikuwa na maelezo tayari. Ilianza kama mzaha: wakimpita bibi wa uji walisema "kunywa upate nguvu" na kucheka. Kisha wateja wakapungua. Kisha mtu mmoja akasema wazi kwamba ndugu zake wote wa duara lile walikuwa wakinywa uji kwa bibi huyo. Asubuhi iliyofuata mtu aliipiga teke sufuria ya bibi, na uji wa moto ukammwagikia bibi mguu wa kulia.

Mke wangu ndiye aliyemwosha mguu na kumfunga kitambaa. Aliporudi alikaa kitini bila kuvua kanga yake ya kichwani.

"Wanamtukana kwa sauti yako," aliniambia. "Ninavyowasikia ni wewe kabisa."

Jumamosi ile nilikwenda kuungama. Nilitumia muda mrefu kumweleza padri kuhusu filamu, mapepo, na kama kutazama kwenyewe ni dhambi. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza ni kitu gani hasa nilichokuwa nakipenda katika kazi ile. Nilijibu kwamba nilipenda wanavyoshtuka. Alisema nianzie hapo. Alisema majaribu mara chache humjia mtu na sura ya kutisha. Huja na kile akipendacho, na ndiyo sababu mtu hulazimika kuyapambanua. Halafu akanisikiliza habari ya bibi wa uji.

"Hapa umenieleza sirini, na sirini umesamehewa," alisema. "Lakini ule uongo uliusema mbele za watu. Kule bado hujauondoa."

Nilimkuta bibi amekaa mbele ya nyumba yake, mguu ameunyoosha kwenye jua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Nilichuchumaa na kumweleza kila kitu: kibanda, filamu, bibi wa uzioni, maneno yake niliyoyachukua. Yeye hakuwahi kuingia kibandani hata siku moja, na alikuwa akidhani watu walikuwa wameyatoa maneno yale kwake tu, kwa kumsikia.

"Huyo mwanamke wa kwenye picha," aliniuliza, "alikuwa mchawi kweli?"

"Hapana, bibi. Nilimfanya mimi."

Aliuondoa mguu wake juani.

"Basi nataka nimwone," alisema.

Mwenye kibanda hakutaka. Aliogopa vurugu, na aliogopa pia watu wakijua kwamba nilikuwa nawapotosha. Nilimwambia kama haiwezekani, sitashika tena maiki yake. Akakubali kwa shingo upande. Alhamisi, saa tisa mchana, bibi aliingia akichechemea, ameshikwa mkono na mke wangu, ambaye naye alikuwa hajawahi kukanyaga mle. Walikaa benchi la mbele. Mke wangu alikuwa na rozari mkononi. Minong'ono ilipita kibandani, na watu kama kumi hivi walisimama wakatoka. Waliobaki waliacha nafasi kubwa nyuma ya bibi.

Kabla ya kuwasha nilisema kwamba filamu hii nilikuwa nimeitafsiri vibaya kwa makusudi, na kwamba leo nitasema yaliyomo tu. Kisha nikaanza. Bibi wa kwenye filamu alipotokea uzioni, nilisema kwa sauti yangu ya kawaida: "Mtoto amelala vizuri?"

"Sivyo ulivyosema siku zote," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

"Siku zote nilidanganya," nilijibu kwenye maiki, na filamu ikaendelea.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwenye kiti kile. Kila mahali ulimi ulitaka kuongeza kitu. Ilipofika sehemu ambayo kile kitu kiovu cha ndani ya nyumba kinamnong'oneza baba wa familia, ambayo zamani niliiharakisha kwa sababu haina kelele, niliitafsiri neno kwa neno. Kilimwambia kwamba yeye ni baba mwema. Kilimwambia kwamba tatizo lote liko nje ya uzio, kwamba akimwondoa yule mwanamke, mtoto atapona na nyumba itatulia. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara nyingi, na siku hiyo ndipo nilipoyasikia maneno hayo. Yalinitisha mimi mwenyewe.

Bibi wa kwenye filamu alipoanguka, bibi wa uji alisema polepole, lakini watu wote walimsikia: "Wamemwacha peke yake."

Hakuna aliyepiga makofi. Mke wangu alimshika mkono wakatoka, na watu wakawapisha njia.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa. Kesho yake yule aliyesema kutoka nyuma alikwenda kunywa uji, akakaa pale makusudi mpaka wenzake wamwone. Wengine walirudi kidogo kidogo. Wengine hawakurudi kabisa, na aliyeipiga teke sufuria hajajitokeza hata leo. Bibi aliuza uji miezi miwili zaidi, kisha binti yake akaja kumchukua, wakaenda Maganzo. Nilimtembelea huko mara moja. Ana meza yake kando ya barabara, na mkwewe amemjengea jiko lenye dirisha. Mguu umepona, umebaki na baka. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumuuliza. Alinipa kikombe cha uji, tukazungumza habari za mvua.

Niliendelea na kazi karibu mwaka mzima, nikisema yaliyomo tu. Watazamaji walipungua, kibanda cha jirani kilikuwa na mtafsiri anayeongeza, na anaongeza vizuri. Mwishowe niliacha. Sasa nafundisha Kiingereza wanafunzi wa masomo ya ziada mjini.

Filamu za kutisha bado natazama. Wenzangu wa jumuiya wanajua, na tulipozungumza tena niliwaambia kwamba swali letu la zamani lilikuwa rahisi mno. Kujua kama kwenye skrini kuna pepo hakuhitaji akili, pembe zake zinaonekana. Kigumu ni kujua filamu inaniomba nimwogope nani, nimchukie nani, na kama nataka kukubali. Mwenyekiti wa jumuiya alisema hilo linahusu hata taarifa ya habari. Nilimwambia ni kweli.

Siku hizi mke wangu hukaa nami. Jumapili moja mchana tulikuwa tukitazama pamoja na binti yetu wa kidato cha pili, filamu ya msichana aliyesemekana ana pepo. Alianguka, akatokwa na povu, viungo vikakakamaa. Mdogo wa kike wa mke wangu ana kifafa. Tumemshika hivyohivyo mara nyingi sebuleni kwetu. Filamu ilitaka tumkimbie. Mke wangu alichukua rimoti akazima.

Binti yetu aliuliza mwisho wake unakuwaje. Nilimwambia sijui, sijawahi kuimaliza. Aliitazama televisheni iliyozimwa, kisha akasema anataka kumpigia simu mama yake mdogo, na mke wangu akampa simu.