Chumba cha Baba Mkwe

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema ili mtu asije akanidhania mpole kwa haya nitakayosimulia. Kwetu Iyula, kwenye kahawa, mama yangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba huyu binti yangu alizaliwa akigomba. Sasa chukua mtu wa namna hiyo umwoze kwenye ukoo ambao mkamwana hasemi na baba mkwe wake hata neno moja.

Ndivyo ilivyo kwao Ikinga, kule milima ya Ileje, au tuseme ndivyo ilivyo kwenye ukoo wa mume wangu, maana wengine wameshaacha. Mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Akimwona njiani anachepuka. Hampiti mbele, hakalii kiti chake, na kukiwa na jambo la kuambiana, linapita kwa mtu wa tatu. Hakuna chuki hapo, ni heshima yao. Mwanzoni niliona vituko, baadaye nikazoea. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa nilichokuwa nakijua kwa mzee yule ni mgongo, kofia na kikohozi.

Nyumba yetu ya Tunduma tuliijenga kwa mkopo wa benki wa miaka kumi na tano. Mume wangu alikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo pale mpakani, mimi nashona sare za shule. Kitu cha kwanza alichomwonyesha fundi, kabla hata ya jiko, kilikuwa chumba cha baba. Chumba kikubwa cha pembeni, choo ndani, mlango wake wa kutokea nje, ili mzee akija kutusalimu aingie na kutoka bila kukutana na mimi. Vigae tuliweka humo tu, sisi wengine tukakanyaga saruji. Mzee alikuja mara mbili, akakaa siku tatu tatu. Siku nyingine zote chumba kilifungwa, na mimi nikawa napiga deki vigae visivyokanyagwa na mtu. Sidanganyi, nilikuwa nakitazama kwa jicho baya.

Kisha ile ofisi ya mizigo ikafungwa. Mwenye nayo aliondoka na madeni yake na mishahara ya watu. Mume wangu akabaki na shati la kazi na kalamu mfukoni. Cherehani yangu ikawa inalisha nyumba, inalipa ada ya mabinti wawili walioko bweni, na haikuweza kulipa benki juu yake. Tukaruka mwezi mmoja, tukaruka wa pili. Wa tatu ikaja notisi ya siku sitini, na nyuma yake dalali akaja kusimama upande wa pili wa barabara, akiitazama nyumba yetu kama mtu anayekadiria ng'ombe mnadani.

Nikamwambia mume wangu, "Tunapangisha chumba cha baba."

"Baba yangu akija alale wapi?"

"Nyumba ikiuzwa, baba yako atalala wapi?"

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu nilimleta mpangaji mwenyewe bila kumwuliza. Alikuwa mama wa upande wa pili, Mzambia, mfanyabiashara wa vitenge, mwenye kibali chake na sauti ya kusikika hadi sokoni. Alikipenda chumba kwa sababu ya ule mlango wa nje, maana mabelo yake, yale marobota ya vitenge, yangeingia na kutoka bila kupita kwa watu. Akahesabu kodi ya miezi sita hapo hapo juu ya cherehani yangu. Fedha ile sikuilaza ndani. Niliipeleka benki ikiwa bado ina harufu ya pochi yake, na notisi ikafutwa.

Hapo ndipo nilipopata akili nyingine. Bwana mkopo wa benki aliniambia kwamba nikiwa napeleka zaidi ya rejesho la mwezi, deni litaisha kabla ya wakati na riba nayo itapungua. Niliporudi nyumbani nikahamisha vitanda vya mabinti, wakija likizo walale na mimi, baba yao ajijue. Chumba chao wakaingia vijana wawili makarani wa malori. Kodi yote ya vyumba viwili ikawa ya benki, sisi tukala cherehani na vibarua vya mume wangu. Tulikula dagaa mpaka paka wa jirani akahamia kwetu. Lakini kila nikitoka benki na risiti nilikuwa natembea kifua mbele.

Ukweni hatukuwaambia. Hilo ndilo kosa letu. Mume wangu alisema angelisema mwenyewe siku yoyote, na siku yoyote hiyo haikufika.

Aliyefika ni mzee. Ilikuwa masika, wiki mbili tu tangu yule mama wa vitenge alipe kodi ya miezi sita mingine na mimi kuifikisha benki. Shemeji yangu alishuka kwenye bajaji akimwongoza baba yake kwa mkono, na gunia la maharage nyuma yao. Mtoto wa jicho, alisema shemeji. Macho yote mawili. Haoni hata mkono wake. Wamepewa rufaa ya kliniki ya macho, na kwa kuwa chumba cha mzee kipo, atakaa hapa mpaka apasuliwe. Mimi nilikuwa nimeshajificha jikoni, nasikiliza.

Mzee akaketishwa sebuleni wakati mume wangu akitafuta la kusema. Alikuja jikoni, uso umemshuka, akaniambia anakwenda sokoni kumwomba yule mama ahame na kutafuta mtu wa kutukopesha fedha za kumrudishia. Akatoka na mdogo wake.

Nikabaki mimi na mzee. Karatasi za benki zilikuwa kwenye kabati la sebuleni, na nilitaka kujua tukimrudishia mama wa watu fedha zake, sisi tunasimama wapi. Nikavua ndala, nikaingia kwa kunyata. Alikuwa kwenye kiti kinachotazamana na meza, fimbo katikati ya magoti, kimya. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona uso wake. Uso mwembamba, wa mume wangu mtupu. Nikajiambia, haoni, kwa hiyo simpiti mbele. Nikakaa mezani nikapiga hesabu. Nikaipiga tena. Tukirudisha fedha ile, tunaruka miezi mitatu, notisi inarudi, na yule dalali safari hii hatasimama ng'ambo kututazama tu, anavuka barabara. Nililia nikiwa nimeng'ata kanga ili sauti isitoke. Machozi yalidondokea karatasi mpaka wino ukatawanyika. Kisha nikazikunja, nikazirudisha kabatini, nikatoka.

Jioni mume wangu alirudi mikono mitupu. Kabla hajafungua kinywa, baba yake akamwita.

"Nasikia chumba kina mtu."

"Ndiyo, baba. Lakini anatoka."

"Asitoke. Kule pembeni kuna baridi. Hapa kuna redio. Niwekeeni kitanda hapa."

"Baba, na mkamwana wako je? Hapa ndipo anapopita."

"Mimi sioni," mzee akasema. "Mwiko huu ni wa wenye macho. Apite tu, afanye kazi zake. Akipita mimi sijui ni nani."

Nilisimama koridoni. Nilimshukuru Mungu, nikaishukuru na redio.

Akakaa miezi saba, maana presha yake ilikuwa inapanda na madaktari wakawa wanasogeza siku ya kupasuliwa. Kliniki aliingia peke yake kila mara, hataki mtu asikie mambo yake na daktari. Na nyumbani tukaishi maisha ambayo sijui niyaeleze vipi. Nilifagia mbele yake, nilimtengea chakula, bila neno. Yeye alisema na hewa. "Leo chai imetulia." "Nyumba hii inapendeza ikipigwa deki." Kikombe nilikiweka mkono wa kulia, naye alikishika bila kupapasa, nikawa nasema moyoni kwamba watu wasioona wana akili ya mikono. Nikiinama kufagia, aligeuza uso dirishani. Nikadhani anafuata joto la jua.

Ila alikuwa na neno lake moja, la chumvi. Kila mlo. "Chumvi imekimbia." Naongeza. "Leo chumvi imerudi na ndugu zake." Napunguza. Mimi mwenye mdomo, siwezi kujibu, mtu namtazama uso kwa uso na ulimi umefungwa. Basi nikawa namjibu kwa sura. Nilimbinulia midomo. Nilimtolea macho. Siku moja ya ugali na mlenda nilimtolea ulimi wote, mama mzima, nikarudi jikoni nimepoa kabisa. Mama wa vitenge aliniona akiwa mlangoni siku hiyo akacheka mpaka akashika ukuta. "Mukwai, huyo ni tata," akaniambia, yaani huyo ni baba. Nikamwambia tata haoni.

Alipasuliwa jicho la kulia, akatoka na bandeji, na baada ya wiki bandeji ikaondolewa. Alimwambia mume wangu, "Sasa naona, sebuleni si mahali pangu," akapanda gari kurudi Ikinga siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimejificha kwa jirani tangu asubuhi. Nilivyorudi nikakuta kitanda kimetandikwa, na nikashangaa mwenyewe kwamba kiti kile kitupu kilinikera.

Mkopo wa miaka kumi na tano tuliumaliza katika mwaka wa tisa. Siku niliyopeleka fedha ya mwisho, bwana mkopo aliniuliza mama una haraka ya kwenda wapi. Nikamwambia nina haraka ya kulala. Akanipa hati ya nyumba kwenye bahasha ya kaki, na barua inayosema hatudaiwi. Nilirudi kwa miguu, bahasha ndani ya blauzi, nikipita katikati ya malori na wabadilisha fedha, na kila aliyenisalimu nilimjibu mara mbili. Nilifika nikalala mchana kweupe, na cherehani ikanyamaza mpaka saa kumi. Sijui kama kuna usingizi mtamu kama ule. Hata mgongo, ambao kwa miaka niliusingizia cherehani, uliacha kuuma.

Makarani walihama mwezi uliofuata. Mama wa vitenge alipata fremu yenye chumba nyuma, akaniachia pea ya kitenge, tukalia kidogo. Nikakipaka chumba rangi mpya, nikapiga deki vigae, safari hii kwa moyo mweupe. Tukahamishia redio humo, tukamwita mzee aje alale kwake.

Alikuja baada ya mavuno. Akapitia mlango wake wa nje, kama ilivyopangwa tangu mwanzo. Mimi nilikaa koridoni, nyuma ya mlango wa ndani ulioegeshwa, kama inavyotakiwa. Mume wangu akampa ile bahasha. Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. Mzee aliisoma pole pole, akayataja majina yetu mawili kwa sauti, langu la pili.

"Mwambie mkamwana," akamwambia mwanawe, "ile midomo aliyokuwa akinibinulia kwa ajili ya chumvi, nimeisamehe. Ulimi bado naufikiria."

Nusu nizimie. Mume wangu, ambaye hajui midomo wala ulimi, akasema, "Baba, si ulikuwa huoni?"

"La kulia ndilo lilikuwa halioni. La kushoto lilikuwa na ukungu kidogo tu. Mdogo wako hakumsikiliza daktari vizuri, akasema yote mawili, nami nilikuwa nangoja nafasi ya kumsahihisha."

Nikasikia kitanda kikilia, ameinuka. Fimbo ikasogea mpaka karibu na mlango, ikasimama. Kati yetu palikuwa na mbao tu.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa akisema na mume wangu. "Siku ile niliyofika ulikaa mezani na karatasi za benki, ukalia bila sauti. Niliona yote. Ningesema naona, wangemtoa yule mama ili mimi nipate chumba. Na chumba chenyewe kingekwenda pamoja na nyumba."

Miaka zaidi ya ishirini, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu. Nilitaka kujibu. Mimi, mwenye mdomo, nilitafuta neno moja nikalikosa. Nikakaa chini kwenye saruji, nikaweka kanga mdomoni kama siku ile, kisha nikaitoa, nikalia kwa sauti, kilio cha msibani, mpaka jirani akaja kuchungulia.

Ndani, mzee alikohoa, akamwambia mwanawe aongeze sauti ya redio.