Kihariri Kilichokuja na Mashine

Nilikuwa na kiburi cha kijinga kuhusu programu za kuandikia. Saiba yangu hapa Isiolo ilikuwa na kompyuta nne kuukuu, na ningeziwekea mfumo mzito zingekwama kama lori kwenye matope ya Garbatulla. Basi niliweka mfumo mwepesi wa bure, ambao huja na kihariri chake kidogo: ukurasa mweupe, herufi nyeusi, kwisha. Hakina madoido, na hakihifadhi chochote mpaka ukiambie. Nilikipenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya jamaa zangu.

Mwenzangu wa kaunta, mama Mmeru mwenye subira haba, alinisuta kila siku. "Wewe na hako kakitu kako! Si uweke ile kubwa, inajisevia yenyewe?" Nilimjibu kwamba anayesahau kuhifadhi kazi yake asilaumu mashine. Mungu anisamehe, nililisema hilo mbele ya wateja.

Baba yangu alikuwa aba herega kule Sericho, msimamizi wa zamu za kunyweshea mifugo kisimani. Mpangilio wote ulikuwa kichwani mwake: ukoo upi unaanza, upi unafuata, nani alipewa siku kwa hisani tu na asije akadai kuwa ni haki yake. Ukame ulipozidi na watu wakaanza kutishana kwa fimbo, alipanda lori akaja kwangu.

"Andika," aliniambia kwa Kiborana. "Nikifa watauana."

Akaanza. Kwetu mzee akishaanza kutaja mambo ya kisima humkatizi, hata kikohozi unakimeza. Nami nilikuwa sijaupa ukurasa jina, na bila jina kihariri kile hakihifadhi kitu. Ilinipasa nimwambie baba angoje kidogo, lakini sikumwambia. Nikaona haya. Nikajiambia nitaupa jina akimaliza.

Alisema karibu saa nzima, macho ameyafumba. Alipotamka neno la mwisho, feni ilipunguza mwendo, ikasimama. Stima ilikuwa imepotea, na kioo kikawa cheusi.

"Imeingia?" aliuliza.

Nilijua haijaingia. Ningesema ukweli pale pale, angenung'unika, tungengoja stima, angeanza upya. Lakini mwenzangu alikuwa ananitazama, mimi niliyejigamba miaka yote.

"Imeingia, Baba," nikasema.

Akanibariki, akaenda kutafuta lori la kurudi. Nilipanga nimwite mwezi uliofuata, nijifanye nahakiki majina, nimchote yote tena bila yeye kujua. Nilijiona mjanja kweli.

Kiharusi kilinitangulia. Kilichukua ulimi wake na mkono wa kulia.

Nilipofika Sericho, wazee wa koo mbili walikuwa wameketi nje ya nyumba yetu. Salaam aleikum, aleikum salaam. Baba alikuwa amelazwa kwenye mkeka karibu na mlango, anasikia kila kitu. Mzee mmoja akaniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi:

"Tulimwuliza alipokuwa mzima. Alisema tusimchoshe, yote iko kwa binti yake Isiolo. Sasa tusomee."

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia saa ile. Si stima iliyowanyima, wala si kihariri. Laiti ningesema "haijaingia", wangemwuliza wenyewe, na kila mmoja angeondoka na zamu yake kichwani. Neno langu moja ndilo lililowafunga midomo.

Nilitaja majina manne niliyoyakumbuka, na hata hayo sina hakika kama niliyapanga sawa. Wazee wakangoja, fimbo zao magotini. Mkekani, baba akainua mkono wake mzima, akanipungia niendelee.