Nne Niliyoigeuza Kuwa Moja

Meneja aliponiuliza kama ningeweza kwenda Kakuma kupima upya hatari ya mashine ile, nilipaswa kumwambia hapana. Kazi ilikuwa imeshafanywa, na aliyeifanya aliifanya vizuri kuliko mimi. Nililijua hilo kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza wa fomu yake. Hata hivyo nikasema, "Nitaenda kesho."

Kiwanda chetu kilikuwa kidogo. Tulisaga maganda ya mti wa mathenge, yale ya manjano ambayo mbuzi huyagombania chini ya miti, tukayafanya chakula cha mifugo. Mashine moja ilikuwa Lodwar na nyingine Kakuma. Mimi nilianza kama mtunza stoo. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, nilipelekwa Kitale kwa mafunzo ya wiki moja, nikarudi nikiwa afisa wa usalama. Kwa miaka mingi hapakuwa na mwingine. Nilizunguka na faili na kofia ngumu, nikiuliza na kuandika. Kila hatari tuliipa namba mbili, kuanzia moja hadi tano. Ya kwanza ni madhara yatakuwa makubwa kiasi gani, ya pili ni rahisi kiasi gani jambo hilo kutokea. Unazidisha. Jibu likiwa kubwa unapaka rangi nyekundu na kazi inasimama mpaka kitu kirekebishwe. Likiwa dogo unapaka kijani, watu wanaendelea.

Kisha nikaletewa msaidizi. Alikuwa mwanamke wa Sudan Kusini, aliyesomea katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambaye kwa umri angekuwa binti yangu. Wiki ya kwanza nilimfundisha. Wiki ya pili niliona hanihitaji.

Mimi nilipima nikiwa nimesimama. Niliuliza, "Kuna shida hapa?" Wakajibu, "Hakuna, baba." Nikaandika hakuna. Yeye aliketi juu ya gunia, akachambua maganda pamoja na wanawake, akizungumza Kiarabu cha Juba na wale wa kambini, na Kiturkana cha kuungaunga na wale wa kwetu, huku wakimcheka matamshi. Alipoinuka alikuwa na kurasa za mambo ambayo sijawahi kuyasikia, katika kiwanda nilichodhani nakijua kama boma langu. Nilijiambia kwamba mzee wa rika langu haketi chini katikati ya wanawake. Huo ulikuwa udhuru. Nilikuwa na wivu. Wageni walipokuja, fomu zake ndizo zilizofunguliwa mezani, zangu zikabaki kabatini. Meneja alipomsifu mkutanoni, nilitazama dirishani. Asubuhi akinisalimu, "Ejok, mzee," nilijifanya natafuta miwani.

Lililoniuma zaidi lilimhusu mke wa mwanangu. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi kwenye mashine ya Kakuma. Alikuwa na adabu ya mke aliyelelewa vizuri: hakunitazama usoni, hakubishana nami, akinisalimu unaweza usimsikie. Siku moja niliingia pale bila kutarajiwa, nikamkuta anacheka hadi anafuta machozi, amemshika msaidizi wangu bega. Waliponiona wakanyamaza wote wawili. Nikawaza: hata huyu amenichukulia.

Fomu iliyoleta maneno ilihusu mashine hiyo. Maganda ya mathenge yana sukari, yakipata unyevu yananata kama gundi na kuziba mdomo wa mashine. Msaidizi wangu aliandika kwamba siku za mvua wanawake hufungua kifuniko injini ikiwa bado inanguruma, na kuyasukuma maganda kwa mkono, kwa sababu injini ile ya dizeli ikizimwa ni taabu kuiwasha tena. Madhara, tano. Uwezekano, nne. Ishirini, nyekundu. Alitaka kazi isimame kila maganda yakilowa, mpaka fundi aweke swichi ya kuzima injini kifuniko kikifunguliwa.

Meneja hakunilazimisha. Alisema tu, "Yeye anasema ishirini. Mzee, wewe umekaa na mashine hizi. Unasemaje?" Ilikuwa miezi mingi tangu aniulize hivyo. Ningeweza kumjibu kweli, kwamba sijawahi kuiona mashine ile siku ya mvua.

Kakuma nilimkuta msaidizi wangu; jua lilikuwa kali. Maganda yalikuwa yamekauka, yanavunjika kama biskuti, na mashine ilisaga bila kukwama.

"Kifuniko hiki hufunguliwa mashine ikizunguka?" niliuliza kwa sauti ya afisa.

Wanawake wakatazamana. Mmoja wao, mama mcheshi kutoka Lowarengak, akasema, "Baba, wewe hata ukiingia humo mzima haitakwama. Umekauka kuliko mathenge!"

Wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikamgeukia mke wa mwanangu mbele ya wote. "Wewe, sema. Huwa mnafungua?"

Akainamisha macho. "Hapana, baba."

"Mzee, usimuulize yeye," msaidizi wangu alisema nyuma yangu. "Hawezi kukujibu."

"Hawezi kwa nini? Hana ulimi?"

"Anao. Lakini umemwuliza kwa namna ambayo hapana ndiyo heshima. Njoo siku ya mvua, ukae kando, utazame tu."

"Mvua ya Turkana? Nikae hapa mpaka wajukuu wangu wastaafu?"

"Basi niamini mimi."

Hilo ndilo lililonishinda. "Nikuamini wewe? Nimekuwa afisa wa usalama tangu wewe hujui kusoma."

Nikatoa kalamu hapo hapo, nikaikata ile nne, nikaandika moja. Tano mara moja, tano. Nikapaka kijani na kutia sahihi. Nilirudi Lodwar nikiwa na furaha. Nasema kweli, njia nzima nilikuwa na furaha.

Mvua ilinyesha mwaka huohuo. Siku hiyo msaidizi wangu alikuwa ameitwa Lodwar, na msimamizi wa Kakuma, akiwa na fomu ya kijani ukutani, hakuona sababu ya kuzuia kazi. Mashine ikaziba. Mke wa mwanangu akafungua kifuniko, akasukuma. Hospitalini walimkata mkono wa kulia chini ya kiwiko.

Meneja alianza kuandika kwamba mfanyakazi alikiuka maagizo. Nilimpelekea fomu ya kwanza, ile nne ikionekana chini ya wino wangu, nikamwambia aandike jina langu. Niliacha kazi kabla hajaniambia niondoke. Nilipokwenda hospitali nilimkuta msaidizi wangu kando ya kitanda, anamlisha uji kwa kijiko. Alinipisha nafasi niketi. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Mwanangu alikuja kwangu siku chache baadaye. Hakuingia, alisimama mlangoni.

"Mke wangu alikuwa ameniambia wanafungua," alisema. "Nikamwambia, mwambie baba. Akanijibu, nitamwambiaje baba kwamba amekosea, tena mbele za watu?"

"Sikujua," nilisema.

"Uliambiwa, baba. Imeandikwa. Ulikata kwa nini?"

Ningeweza kusema maganda yalikuwa makavu, au kwamba mkewe mwenyewe aliniambia hapana. Nilisema, "Nilikuwa na wivu."

"Na nani?"

"Na msaidizi wangu."

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie, kwamba lazima kuna sababu nyingine. Hapakuwa na nyingine. Akageuka, akaondoka.

Alihamisha familia yake Kalemng'orok, kwa wakwe zake. Nimekwenda huko mara mbili. Mara ya kwanza watoto waliitwa ndani kabla sijawashika mkono. Mara ya pili mwanangu alinijia njiani, kabla sijafika nyumbani kwake, akaniomba kwa adabu nisirudi tena, kwa kuwa mkewe akiniona husimama haraka kunisalimu na kuficha ule mkono nyuma, na yeye hawezi tena kuvumilia kuliona jambo hilo. Sijarudi. Mke wa mwanangu alipoteza mkono wake wa kulia, nami nilipoteza mwana wangu wa pekee na wajukuu wangu watatu.