Namba Kumi na Nne kwa Krayoni Nyekundu

Nimekaa na aibu hii miezi kadhaa nikitumaini watu wa Kerege wataisahau, lakini kwa kuwa kila anayeisimulia anaongeza chumvi (nimesikia kwa masikio yangu, kwenye foleni ya maji, kwamba nilikuja na gari jeupe na askari wawili), nimeona ni wajibu wangu, kama mtu aliyetunza majalada ya serikali kwa zaidi ya miaka thelathini bila kupoteza hata moja, kuweka kumbukumbu sawa. Gari halikuwapo. Askari hawakuwapo. Nilikuwapo mimi Lukas, mstaafu wa masjala ya ofisi ya ardhi, pamoja na krayoni moja nyekundu.

Chanzo ni kuchora, na naomba msicheke. Nilipostaafu, binti yangu aliniletea daftari la karatasi nene na penseli, akasema, "Baba, chora chochote, presha itakumaliza kwa kukaa bure." Nikaanza na birika la chai, nikaja kwenye kanga za mke wangu zilizoanikwa uani, kisha nikageukia nyumba za majirani, na hapo ndipo raha iliponikamata, kwa maana nilikuwa nimesoma hati za nyumba maisha yangu yote lakini sikuwahi kutazama nyumba: kwamba dirisha moja lina pazia la maua na la pili lina gunia, kwamba kizingiti kimebonyea mahali ambapo watu wamekanyaga miaka nenda miaka rudi. Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nimechangamka kama mtu aliyetoka harusini. Ila niliona haya. Mzee wa kanisa kuchora kama mtoto wa chekechea! Kwa hiyo daftari nililificha ndani ya gazeti, na aliyeniuliza nafanya nini nimekaa mkabala na ukuta wake nilimjibu, "Napunga upepo."

Sasa sikieni uamuzi wenyewe, mdogo kabisa. Niligundua kwamba nyumba moja nimeichora mara mbili, jambo ambalo masjalani halivumiliki, nikaamua kila nyumba niliyokwisha kuichora niiandikie ukutani, chini karibu na msingi, namba ileile niliyoipa picha yake daftarini. Nilitumia krayoni nyekundu kwa sababu kwetu masjalani wekundu ulionyesha kwamba shauri limekwisha kushughulikiwa. Nikaziandika Ijumaa adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini na wanawake wakiwa jikoni, ili nisimsumbue mtu. (Sikuandika alama ya X, ile inayowekwa kwenye nyumba za kubomolewa. Narudia: sikuandika X popote. Zilikuwa tarakimu tu, na hazikuzidi kiganja.)

Lakini Kerege iko kando ya barabara kuu, na mtu wa kando ya barabara kuu akiona wekundu ukutani hapimi kwa kiganja. Anaona katapila.

Jumamosi asubuhi nilisikia bati likilia. Nikatoka. Jumanne, fundi, alikuwa juu ya nyumba ya mama yake akichomoa misumari, na nusu ya paa ilikuwa imekwisha kushushwa. Mama yake ni Bi Mwanaidi, mjane muuza vitumbua, Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu na tangu nihamie hapa hatujawahi kusalimiana bila matusi ya heshima.

"Mtani, kulikoni?"

"Nyamaza, Mnyamwezi, leo sina utani. Wameninamba. Kumi na nne. Bora niokoe bati zangu kabla hawajazisaga."

Nikatazama ukutani. Kumi na nne, na ile nne yangu yenye mkia ambayo makarani wote waliijua. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Poleni sana."

Nilikwenda kujifungia chumbani. Nakiri kwamba pamoja na hofu nilikuwa na hasira pia, kwa sababu nyumba haibomolewi kwa tarakimu. Kuna notisi ya maandishi, kuna saini, kuna mhuri, na hakuna hata mmoja aliyeuliza barua iko wapi!

Alasiri mjumbe wetu, Mzee Shomari, akaita kikao uani kwake. Wingu zito lilikuwa limesimama upande wa bahari na nyumba ya Bi Mwanaidi ilikuwa wazi. Mwenyewe alikaa mkekani, mikono mapajani. Mimi nikapewa kiti cha mbele.

"Mzee Lukas, wewe ni mtu wa ardhi," akasema mjumbe. "Tusomee hizi namba. Zinaanzia wapi, zinaishia wapi?"

"Suala hili," nikasema, "linahitaji uchunguzi."

"Limechunguzwa," akasema Jumanne, nyundo ingali mkononi. "Nimezunguka mtaa mzima. Nyumba kumi na nane zina namba. Kwako tu ndiko hakuna."

Ni kweli hakukuwa na namba. Nyumba yangu sikuwa nimeichora. Lakini ni nani angenielewa? Mtu wa nyuma akasema, "Huyu ameuza mtaa wetu," na viti vikaanza kusogea. Nilitafuta mlango wa ua kwa macho, nikaona umejaa watu.

Mke wangu, Mama Neema, akasimama. "Lukas, watolee daftari, au nilitoe mimi."

Nikalichomoa kwenye gazeti, nikampa Bi Mwanaidi, na kwa sauti ambayo sikuitambua nikasema namba zile ni zangu, ni za picha, hakuna anayebomoa chochote. Akafungua ukurasa mmoja mmoja kwa kidole chenye unga mpaka kumi na nne. Pale palikuwa na benchi lake, kikaango chake, na juu, paa alilokuwa nalo hadi asubuhi ile. Aliitazama picha mpaka nikaona bora anipige.

"Jiwe langu," akasema. "La kuzuia bati lile bovu. Umelichora na jiwe langu." Kisha akainua kichwa. "Wewe Mnyamwezi! Babu yako alikuja pwani kwa miguu, amebeba pembe za ndovu za watu, hakumvua mtu paa. Wewe umenivua kwa penseli!"

Watu wakaangua kicheko, ila jirani mmoja aliyekuwa amekwisha kutoa kitanda nje hakucheka mpaka alipofika kwenye ukurasa wake, akalalamika kwamba mbuzi wake nimemkondesha. Daftari likapita mkono kwa mkono. "Lete hapa, kwangu iko wapi?" "Hivi mlango wangu ni mzuri namna hii?" Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuziona picha zangu.

Hukumu ilitolewa na mtani. Nilimshikia Jumanne ngazi na kumpa misumari mpaka bati la mwisho, na mvua ilitukuta kabla hatujamaliza, ikalowesha unga wa mchele wa yule mama, jambo ambalo mpaka leo silihesabu kuwa la kuchekesha. Kisha nikapita milango kumi na minane kwa sabuni na brashi, kila mlango nikibisha hodi na kueleza kosa langu, halafu nikipiga magoti kusugua. Krayoni akaitaifisha mtani mwenyewe.

Jumapili ya wiki iliyofuata, nilipotoka kanisani, nikakuta ukutani kwangu X nyekundu, kubwa kama mlango. Nikashika nguzo ya baraza nisianguke. Mimi, niliyewalaumu watu kwa kutouliza barua, nilisahau kabisa kwamba duniani kuna kitu kinaitwa barua. Niliwaza tu ni bati gani nianze kuokoa. Nyuma ya ua nikasikia sauti ya Bi Mwanaidi, "Mtani, poleni sana!"

Alinikataza kuifuta mpaka niichore nyumba yangu pamoja nayo. Nimeichora, ndiyo namba kumi na tisa. Daftari liko kibandani kwake, linatazamwa na wanaosubiri vitumbua, kila ukurasa una alama ya mafuta, nami sijalidai. Naapa sitatia hata nukta kwenye ukuta wa mtu, wala sitamchorea mtu nyumba yake bila hodi. Ruhusa ya kufuta ninayo, lakini X ile nimeiacha, na kila nirudipo kutoka dukani moyo huruka kwanza, ndipo akili inakumbuka ni ya nani.