Garanti Haikungoja Matanga

Mume wangu alikufa gari letu likiwa bado na garanti. Ilipokwisha, tulikuwa matangani, na jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotaka watu wajue.

Gari lenyewe lilikuwa limetumika. Tulilinunua kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye asili ya Uvira, akatupa garanti ya miezi mitatu kwa injini na gia. Likipanda mlima, gia zililia kama mbuzi aliyeachwa peke yake. Mlio ule ulinitia aibu. Watu sokoni waligeuka kutazama. Nilimsumbua mume wangu alirudishe, naye akacheka tu. Mama yake kule Mudaka, alisema, akiusikia mlio huo bondeni anajua ni yeye anakuja, anaweka maji ya bugali motoni.

Kisha moyo wake ukasimama, ghafla tu, asubuhi, akifunga viatu.

Katika ukoo wao gari la marehemu haliguswi. Funguo zilikaa kwa shemeji yangu mpaka wiki ya misa ya kuondoa matanga. Mama mkwe hakuja kwenye mazishi. Habari ile ilimlaza kitandani hata kusimama hakuweza. Alituma neno kwamba kwenye misa atakuja. "Nitashuka Bukavu mu gari ya mutoto wangu," alisema, "ao nitabaki." Gari lingine hakulitaka.

Basi wiki ile nililiwasha. Kwenye mlima wa kwanza likalia, likagoma. Vijana wa mtaani walilisukuma hadi gereji ya yule muuzaji, na fundi wake akasema gia zote zimekwisha, zibadilishwe.

"Maman, pole sana," muuzaji aliniambia. "Lakini garantie ilikwisha juma lililopita."

"Juma lililopita ulikuwa kwangu, ku kilio. Ulikula bugali yangu. Mbona haukuniambia kama garantie nayo iko nakufa?"

"Ningelisemaje, maman? Mbele ya watu wenye kulia?"

Hapo alinishinda, na kushindwa na mtu mpole kunachoma. Nikamwambia kufa kufaana. Alifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote. Halafu akasema gia atanipa kwa bei aliyonunulia yeye. Sikuondoka. Nilikaa juu ya tairi kuukuu, na kitambaa changu cheusi kichwani, wateja wakiingia na kutoka, mpaka aliposamehe na malipo ya fundi.

Bado kiasi kilichobaki cha kulipa kilikuwa kikubwa. Kilimeza pesa za mbuzi na bia zote za siku ya matanga.

"Tutaondosha kilio na maji tu?" shemeji aliuliza.

"Chagua, shemeji. Bia ao mama yenu."

Alichagua mama, lakini kwa kununa.

Siku moja kabla ya misa nilipanda Mudaka. Gari lilikwenda kimya, hata mlimani, na nakiri nilijisifu moyoni. Nilikuwa nimepigania kitu, nikakipata.

Mama mkwe nilimkuta jikoni, nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Chungu kilikuwa juu ya mafiga na maji ndani yake, lakini moto haukuwashwa. Alinitazama miguu, viatu vyangu visivyo na vumbi.

"Ulikuya na miguu?"

"Hapana, mama. Nilikuya na gari."

"Gari gani? Niko nasikiliza tangu asubui."

Nikamwambia liko nje, nimelitengenezesha, halilii tena. Nilisema kwa furaha kidogo, Mungu anisamehe. Alitoka polepole akishika ukuta. Aliweka kiganja juu ya boneti, iliyokuwa bado ya moto, akaniomba niliwashe. Nikaliwasha. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akangoja. Niliona anangoja nini: ule mlio.

"Zima," akasema.

Nikazima. Kuku walikuwa wakiparua uani. Yeye alibaki na mkono pale juu ya boneti.

"Basi alikufa," akasema.

Tangu msiba uanze, sikuwa nimemsikia akilisema neno hilo. Alirudi jikoni, akamwaga maji ya chungu, akaja akapanda. Nililia mimi njia nzima mpaka Bukavu. Yeye alitazama mbele tu.