Kikombe cha Mgeni

Dada wa maabara hunawa mpaka viwikoni. Mimi dereva wake namjua: wafugaji wakimkaribisha maziwa mabichi, husema kwa sauti ya chini kwamba amefunga. Jana mashine yake ilimaliza kusoma vinasaba vya bakteria wa maziwa ya ng'ombe mmoja wa kijiji cha Vigwaza. Ni walewale waliomuua mtoto wa nyumba anakofugwa ng'ombe huyo. Leo tukaenda ili amweleze bibi wa mtoto. Bibi akamletea kikombe cha maziwa mabichi. "Kunywa, mwanangu. Mjukuu wangu hakuwa na mama, ng'ombe huyu ndiye aliyemlea." Dada akainua macho kutoka kwenye kikombe. Pembeni mdogo wa marehemu alikuwa akingoja masazo ya mgeni. Dada akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa yote, asimsazie hata tone.