Kanga Iliyokosekana Jamvini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka, halafu naona aibu, halafu nacheka tena. Nilikuwa msichana wa kiwandani, naishi Temeke kwa shangazi yangu, na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba nilijiona najua kila kitu. Usicheke. Na wewe una ugonjwa huo huo.

Nyumba ya Mama Salima, jirani yetu, ilikuwa imeungua. Jiko la mkaa lilipinduka, moto ukashika makuti, na yeye na watoto wake wanne wakatoka na nguo za mwilini tu. Mumewe hakuwepo. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameoa mke mwingine, akahamia naye mashambani huko Chamazi, na hata habari ya moto ilipomfikia hakuleta pole.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Chilumba, mchonga vinyago kutoka kusini. Mtu mfupi, mpole, vidole vimejaa makovu ya patasi. Akaniita.

"Binti, wewe una miguu. Pita kila nyumba, pokea watakachotoa. Jumapili tutatandika."

Kutandika ndiyo ilikuwa desturi yake. Kila kilichochangwa, kiwe blanketi au kipande cha sabuni, kiliwekwa juu ya jamvi mbele ya nyumba yake tangu asubuhi. Aliyetoa alikuja akakiona cha kwake, aliyetaka kuchungulia alichungulia, na baada ya hapo ndipo mwenye shida alikabidhiwa mbele ya wote. Mimi niliona ni ushamba. Nikamwambia nitaandika kwenye daftari, yatosha, maana kuna watu wametoa vitu vidogo na wataona aibu.

"Mie sijui kusoma," akasema. "Sasa ukiniandikia daftari, siku ukiniibia nitajuaje?"

Akacheka. Mimi nikanuna, lakini nikaenda.

Watu walitoa, mwanangu. Zilikuwa enzi za foleni, sukari na sabuni vinatafutwa kwa tochi, na bado walitoa. Bi Rehema, mjane aliyekuwa akiuza maandazi, alinipa doti nzima ya kanga mpya. Alikuwa ameisimamia foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, na siku hizo hukuchagua, ulichukua iliyofika. Nilipofika nyumbani nikaikunjua nisome jina la kanga, yale maneno ya chini. Lilisema: UTANUNA SANA, MUME NI WANGU.

Nikaishiwa nguvu. Maneno yale, apewe mwanamke aliyekimbiwa na mume? Bi Rehema hakujua kusoma, kwa hiyo nilielewa kwamba hakujua alichonipa. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Ningekwenda, nikamwambia, yangeisha palepale. Sikwenda. Niliona nitamfedhehesha mzazi wa watu bure. Basi nikaitia kanga ile kwenye sanduku langu, nikatoa ya kwangu mpya niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya Idd, nikaichanganya na vitu vingine. Nilijiona mwema kupita kiasi.

Jumapili asubuhi jamvi likatandikwa. Bi Rehema akaja amevaa vizuri, akalizunguka mara moja, akalizunguka tena.

"Mzee Chilumba, kanga yangu siioni."

Nikaingilia haraka. "Si hii hapa, Bi Rehema?"

"Yangu ya njano, ina michoro ya korosho," akasema. "Hii nyekundu. Mie mjinga wa kusoma, si wa rangi."

Watu wote wakanigeukia. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ndivyo michango inavyoliwa." Akainama, akachukua blanketi lake. Mwingine akachukua ndoo. Shangazi yangu akafunika uso kwa mtandio. Mama Salima alikuwa ameketi pembeni na mtoto mapajani, anaviona vitu vinaondoka kimoja kimoja.

Mzee Chilumba akasimama.

"Ndugu zangu, nyie mlinipa mie. Binti nilimtuma mie. Kama kitu kimepotea, kimepotea mkononi mwangu, na mie nitakilipa."

Akaingia ndani, akatoka amekumbatia kinyago kikubwa cha mpingo alichokuwa akikichonga tangu masika, ambacho mnunuzi wake alikuwa afike juma lile. Akakiweka jamvini. Akamwambia Bi Rehema akiuze, achukue thamani ya kanga yake, kitakachobaki kiwe cha Mama Salima. Hakunitazama. Hakuniuliza mbele ya watu kama mimi ni mwizi. Mpaka leo sijaona mtu mzima aliyebeba dhamana ya watu namna ile, na nimewaona viongozi wengi wenye suti.

Hapo sikuweza tena. Nililia, nikasema yote, kasoro maneno yenyewe ya kanga. Nikakimbia nyumbani, nikarudi nayo. Mzee akaipokea, akaitandaza pale pale, kisha akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Ulikuwa na nia nzuri, nakubali. Lakini hiki si chako na si changu. Bi Rehema alikitoa kifike, hakukupa ukiamulie. Ungemuuliza. Umekwepa aibu ya dakika moja nyumbani kwake, sasa umemletea ya mtaa mzima."

Bi Rehema naye akaja juu. "Kwani imeandikwa nini mpaka ikafichwa?"

"Msomee," Mzee akasema.

Nikasoma. Kisha kutoka pembeni nikasikia kicheko, na alikuwa Mama Salima, anacheka mpaka mtoto kashtuka.

"Mume gani? Si huyo yuko Chamazi!" akasema, akifuta machozi. "Nipeni hiyo hiyo. Siku mke mwenzangu akiletewa talaka yake, nitakwenda kumpa pole nimeivaa."

Mtaa mzima ukacheka. Yule wa blanketi akalirudisha, na wa ndoo akarudisha ndoo. Mzee Chilumba akaishika ile kanga yangu nyekundu, akaniuliza mbele ya wote, "Na hii, binti, unaitoa au unarudi nayo? Sema mwenyewe, tusikuamulie." Nikasema naitoa. Ndipo akakibeba kinyago chake, akakirudisha ndani.

Sasa, mwanangu, nimesikia wenzako wamekuchagua ukusanye michango ya matibabu ya mtoto wa jirani, na yote inaingia kwenye simu yako. Nimefurahi, maana hawamchagui mtu wasiyemwamini. Lakini kuaminiwa kusikufanye ukaacha kuonyesha. Tandika. Kila kilichoingia wakione, hata cha yule aliyetoa kidogo, maana naye ana haki ya kukiona cha kwake kimefika. Kilichotoka useme kimekwenda wapi kabla hujaulizwa, na ukiulizwa usinune. Ukiona kuna jambo la kubadilisha, hata kama moyo wako unakwambia ni kwa wema, mrudie aliyetoa umuulize kwanza. Na likiharibika, simama wewe mbele, usimsukume uliyemtuma.

Mungu akutangulie katika kazi hiyo, amponye na huyo mtoto. Akujalie mikono ambayo watu hawataona haja ya kuichungulia, na wewe uiache wazi hivyo hivyo, waichungulie wapendavyo.